Mgombea wa Ozoni

Jumatatu, tarehe 9 Februari

Joto halitaki kuondoka. Lami mbele ya duka imelainika hadi mteja mmoja ameacha kiatu humo akaingia na soksi. Nimemtolea kopi zake bila kucheka. Huo ndio uongozi.

Maana leo nimeamua. Mwenyekiti wa kamati ya wapangaji amehama na Jumapili tunachagua mwingine. Atakuwa mimi. Jumba letu lina ghorofa nne, ua mmoja, mti mmoja, na wapangaji wasiojua wanachohitaji. Mimi najua. Nina duka la fotokopi hapa chini; karatasi za kila mtu zimepita mikononi mwangu.

Kikwazo ni Tai. Yaani fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, anayevaa tai asubuhi hadi jioni, hata katika tanuri hili. Naye anagombea. Anasema akichaguliwa atahakikisha majenereta yanazimwa mchana, magari hayaungurumi bure uani, na mti unamwagiliwa. Hizo ndizo sera! Kumwagilia mti!

Mke wangu amesema sera za Tai ni nzuri. Nimemkumbusha ameolewa na nani. Amesema anakumbuka kila siku.

Mama mkwe amewasili na mkeka wake. Nyumba yake ina paa la bati, haikaliki. Kifua chake ni kibovu tangu utotoni, lakini ulimi mzima. Ameniuliza kama bado nina ile biashara ya kuiga vitu vya watu.

Jumanne, tarehe 10 Februari

Ushindi umeletwa na redio!

Nilikuwa natoa kopi. Mtaalamu wa hali ya hewa akasema kwamba katika wimbi hili la joto, jua likiwa kali na upepo umelala, gesi ya ozoni mjini inaongezeka kupita kiasi. Kisha umeme ukakatika. Sikusikia mwisho, wala sikuuhitaji. Ozoni! Naijua tangu shuleni. Ndiyo ngao ya dunia, inatukinga na miale ya jua. Mwalimu alituchorea ubaoni kama mwavuli. Miaka yote tunalia kwamba inatoboka huko juu, kumbe sasa imetushukia wenyewe!

Nimeona mara moja cha kufanya. Tai anawaahidi watu kuzimiwa vitu. Mimi nitawaahidi ngao. Kaulimbiu: CHAGUA HEWA. Kesho saa nane mchana, jua likiwa utosini, nitawapandisha wapangaji wote juu ya paa tuipokee ozoni kwa vifua wazi.

Mke wangu amerudi kutoka zahanati akiwa hoi. Yeye ni muuguzi. Amesema benchi zimejaa: watoto wanakohoa, wazee wanabanwa na vifua, na wote wanazidiwa alasiri. Akaanza kunieleza jambo kuhusu moshi wa magari na jua. Nilikuwa naandika hotuba, nikaitikia ndiyo, ndiyo. Baadaye akaniuliza amesema nini. Nikajibu kwamba amesema moshi. Akaenda kuoga.

Jumatano, tarehe 11 Februari

Mapokezi ya ozoni yamefanyika. Naandika yaliyotokea tu, bila kutia chumvi.

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Umeme ulikuwa umekatika tena, hivyo hawakuwa na la kufanya ndani. Walikuwepo mwalimu wa ghorofa ya pili, mke na mume wanaogombana, na vijana wa mpira. Paa lilikuwa linachoma nyayo. Kutoka kule juu mji ulionekana umefunikwa na ukungu wa rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Nikawaonyesha kwa mkono: ndiyo hiyo, ndugu zangu!

Nikawaamuru wavute pumzi ndefu. Wakavuta. Nikawaamuru warukeruke ili mapafu yafunguke. Vijana wa mpira wakaruka kwa bidii kweli.

Wa kwanza kukohoa alikuwa mwalimu. Nikasema kifua kinajisafisha. Wakafuata vijana, mmoja akajishika mbavu akisema kuna kitu kinamkwaruza akivuta hewa. Mke na mume wanaogombana wakashuka wameshikana mikono, na hilo nalihesabu kuwa mafanikio. Mwenyewe macho yalikuwa yananiwasha na koo limekauka kama gunia. Nikamaliza hotuba kwa ishara.

Tuliposhuka, tukamkuta Tai ngazini. Alikuwa ametundika mashuka yaliyoloweshwa kwenye madirisha ya upande wa jua, ameweka ndoo ya maji ya kunywa na vikombe, na wazee wameketi kwenye vidato wakipunga hewa. Wafuasi wangu wote wakaketi hapo hapo. Vikombe vikapita. Nikatamani kupita pembeni lakini ngazi ni moja. Tai akanipa maji. Nimeyanywa kwa kinyongo.

Mama mkwe alikuwa miongoni mwa waliokaa ngazini. Ameniambia nina bahati hakuna aliyeanguka kutoka juu, kwani wote wangeangukia hapo kwa Tai.

Alhamisi, tarehe 12 Februari

Usingizi wa mchana umenipa jibu. Kosa la jana halikuwa ozoni, lilikuwa jua. Watu walichomeka. Ozoni inabidi iletwe kivulini, mtu aipate amejinyoosha kitandani.

Naweza kuileta wapi? Nimecheka peke yangu dukani. Nimekuwa mtengenezaji wa ozoni miaka yote hii bila kujua! Ile harufu ya mashine ya fotokopi ikifanya kazi muda mrefu, ile kali inayowasha pua, kama hewa baada ya radi: ndiyo yenyewe. Fundi wa mashine aliniambia zamani. Alisema hiyo harufu ni ozoni, mashine zangu ni kuukuu, nifungue madirisha. Wakati ule nilidhani ananitaka niwagawie majirani.

Mpango ni huu. Ile mashine kubwa ya zamani, iliyokaa pembeni kwa sababu ya kelele na harufu, naipandisha nyumbani, chumbani kwa mama mkwe. Humo itachapa picha zangu za kampeni mchana kutwa. Kazi moja, faida mbili: mimi napata karatasi, yeye anapata tiba. Jumapili atasimama mbele ya wapangaji wote, kifua wazi kama cha msichana, aseme ni nani aliyemponya. Tai atatundika shuka gani hapo?

Mlinzi wa jumba amenisaidia kuipandisha. Njiani amesema maneno ambayo mlinzi hapaswi kumwambia mwenyekiti mtarajiwa.

Mama mkwe ameuliza ile ni nini. Nimemwambia ni mashine ya kusafisha hewa. Ameuliza mbona ina mahali pa karatasi. Nimemwambia hewa ikiwa chafu sana inabidi iandikwe upya. Kisha akasema, haya mkwe wangu, kama umenifikiria, sikuvunji moyo. Akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono.

Ijumaa, tarehe 13 Februari

Sijui nianzie wapi.

Mke wangu alikuwa zamu zahanati. Umeme ulikatika mapema, nikapandisha jenereta ndogo ya duka, nikaiweka kwenye kibaraza kando ya dirisha la chumba cha mama. Nikawasha mashine. Picha zikaanza kutoka: uso wangu, CHAGUA HEWA, uso wangu, CHAGUA HEWA. Mama mkwe akiwa kitandani akasema uso ni mwingi mno. Tulicheka wote wawili.

Harufu ikapanda vizuri. Nikafunga mlango na madirisha ili isipotee. Uwazi mdogo tu nikauacha wa kupitisha waya wa jenereta. Nikashuka dukani kuhudumia wateja.

Niliporudi alasiri, nilimsikia kabla sijafungua. Si kikohozi. Ni mluzi, kama birika linalokaribia kuchemka, kisha kimya, kisha mluzi tena. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda na kushuka. Midomo imebadilika rangi. Sakafu nzima ilikuwa imejaa picha zangu. Mashine ilikuwa bado inachapa.

Nilimwita mama. Hakuweza kujibu. Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni.

Nilimbeba. Mgongoni, kama mtoto. Kwenye ngazi nilikutana na Tai. Alishika upande wa pili, tukamshusha, akakimbia barabarani na tai yake ikipepea nyuma, akasimamisha gari la kwanza kwa kusimama katikati ya njia. Dereva alimtukana kisha akatupeleka.

Mke wangu ndiye aliyetupokea. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akaninusa shati. Alimvalisha mama barakoa ya hewa ya dawa, akafunga pazia.

Nilikaa kwenye benchi nikiwa nimeshika ndala za mama mkwe. Moja ilikuwa na picha yangu imenata chini. Nimeikwangua.

Jumamosi, tarehe 14 Februari

Amepona. Naandika tena: amepona. Wamemlaza hadi kesho kumwangalia, na asubuhi ameomba chai na kulalamika kwamba ni ya maji. Niliposikia analalamika, nilijua kweli amepona.

Mke wangu amenieleza yote, na leo nimesikiliza, maana alikuwa amesimama mlangoni na hakuna njia nyingine ya kutokea. Moshi wa magari na wa majenereta, mivuke ya petroli na ya rangi, vyote hupikwa na jua. Joto likiwa kali na upepo haupo, chungu kinachemka haraka zaidi, na kinachopakuliwa mchana na alasiri ni ozoni. Huioni. Inakwaruza mapafu kama mchanga. Mwenye pumu inambana, mzima akirukaruka nayo juani inamkohoza. Ndiyo maana benchi zao zimejaa.

Nikasema, lakini mwalimu wetu wa shule alitufundisha ni ngao!

Akasema, "Ile ya juu ni ngao, hakukudanganya. Ni paa la nyumba. Paa likiwa juu yako unalishukuru. Likikuangukia je?"

Nikamuuliza kama anataka kusema nilimwangushia mama yake paa.

Akasema anataka kusema nilimfungia chumbani na paa, nikaweka na moshi wa jenereta dirishani, nikaenda kuuza kopi.

Nimelia kidogo, chooni, maji yakiwa yanatiririka.

Baadaye nimeruhusiwa kuingia. Mama mkwe alikuwa ameegemea mto. Nimepiga magoti kando ya kitanda nikamwomba radhi. Sauti yake bado ni ndogo. Amesema, "Mkwe wangu, nilipokupa binti yangu sikupinga. Watu walipinga, mimi sikupinga. Sasa na wewe, kama ni kuniua, niue taratibu."

Nimemwahidi. Amenipapasa kichwa. Kisha akaomba nimwitie yule fundi wa tai, amshukuru mtu aliyesaidia.

Jumapili, tarehe 15 Februari

Uchaguzi.

Asubuhi nilikuwa nimeamua kujitoa. Kabisa. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Lakini nikaona uani wamepanga viti, watu wamejaa, na mwalimu akatangaza kwamba wagombea watazungumza. Mtu akipewa viti na watu, maneno mawili hayatoshi.

Tai alianza. Alizungumza kwa ufupi, jasho likimtiririka kwenye fundo la tai. Alisema si mjuzi, ila amewauliza watu wa zahanati. Siku za joto kama hizi tusiwashe majenereta wala kuacha magari yakiunguruma kuanzia mchana hadi jua lipungue. Michezo ya vijana ihamie asubuhi, hewa ikiwa nafuu. Wenye vifua wakae ndani alasiri. Mji mzima hatuuwezi, akasema, ila ua huu ni wetu.

Walipiga makofi. Zamu yangu ikafika. Nikasimama, na nikajisikia nikisema kwamba mimi siku zote nimekuwa adui mkubwa wa ozoni.

Vijana wa mpira wakaanza kucheka, mmoja mmoja, kama maharage yanayochemka. Mwalimu akaficha uso kwa kitabu chake. Nikaendelea. Nikasema yale ya juu ya paa yalikuwa mafunzo ya vitendo, ili kila mmoja amfahamu adui kwa kifua chake mwenyewe.

Hapo mama mkwe, aliyetoka zahanati asubuhi hiyo na kuketishwa kivulini, akainua mkono. Akapewa nafasi. Nikajua nimekwisha.

Akasema, "Mkwe wangu anasema kweli. Mimi alinipelekea somo hadi kitandani."

Ua mzima uliangua kicheko. Hata mke wangu. Hata mlinzi, aliyekuwa na sababu zake. Nami nikacheka, kwa sababu alikuwa anavuta pumzi safi bila mluzi, na kwa sababu sikuwa na la kufanya.

Tai ameshinda. Walionyoosha mikono kwangu sitawataja. Ni wachache na wameomba nisiwataje.

Jumanne, tarehe 17 Februari

Tai amebisha hodi. Nilidhani amekuja kuringa. Kumbe amekuja na kazi.

Amesema kamati inahitaji mtu wa kusimamia hewa: kusikiliza redio, kupata onyo, kuwaambia wapangaji wote kwa wakati, na kuhakikisha hakuna anayewasha jenereta mchana. Wengine wamelikataa jina langu. Yeye amewaambia aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hakuna atakayekuwa mwangalifu kunishinda mimi.

Nimemwambia nitafikiri. Nimefikiri alipokuwa anafikia ngazi, nikamwita arudi.

Msimamizi Mkuu wa Hewa! Neno Mkuu nimeliongeza mwenyewe. Naona kwamba uenyekiti ulikuwa mdogo kwangu. Mwenyekiti ana ua. Mimi nina anga.

Mke wangu ameuliza kama nimeelewa kazi. Nimemrudishia somo zima bila kukosea: moshi, mivuke, jua, joto, upepo kulala. Amenitazama kwa namna ambayo hajanitazama siku nyingi. Ameniongezea chai. Ile mashine kuukuu nimemwita fundi aichukue, na nimefungua madirisha yote ya duka.

Mama mkwe amerudi kwenye mkeka wake. Usiku anapumua vizuri. Nimeenda kumsikiliza mlangoni mara kadhaa. Ameniambia nikiendelea kupumulia tundu la ufunguo nitammalizia hewa.

Ijumaa, tarehe 20 Februari

Siku ya kihistoria. Naandika nikiwa kazini, uani, kalamu inateleza kwa jasho.

Redio imetoa onyo asubuhi: joto kali, hakuna upepo, ozoni itapanda mchana. Nikasema haya, saa yangu imefika. Ila kubisha mlango mmoja mmoja ni kazi ya mlinzi, si ya Mkuu. Wapangaji wanahitaji sauti moja, kubwa, inayofika ghorofa zote kwa wakati mmoja.

Nimeazima vipaza sauti kwa mtu wa sherehe wa mtaa wa pili. Viwili, virefu kuliko mimi. Tumeviweka chini ya mti. Umeme ukakatika, kama kawaida yake. Mwingine angekata tamaa. Mimi nimerudi kwa yule mtu wa sherehe nikaazima na jenereta yake. Hiyo si ya duka, hiyo ni baba lao. Tumeiweka nyuma ya vipaza sauti ili isiharibu mandhari, nikaijaza petroli juani, nyingine ikamwagika na kukauka papo hapo, na saa nane kamili nikaiwasha.

Sauti! Njiwa wote wameruka kutoka mjini. Nimetangaza kwa utulivu na mamlaka: ndugu wapangaji, hewa ni mbaya, zimeni majenereta yenu, fungeni madirisha, wenye vifua msitoke. Nimerudia. Nimerudia tena, maana inapendeza.

Na wametii! Ghorofa ya kwanza wamezima. Ya pili wamezima. Hata yule mwenye saluni ya ghorofa ya nne, asiyemsikiliza mtu, amezima. Mke wangu ametokea kibarazani akanipungia mikono yote miwili kwa nguvu sana. Nimempungia pia. Hajawahi kunionyesha fahari yake hadharani hivyo. Nyuma yake mama mkwe amefunga dirisha kwa kishindo, kama nilivyoagiza. Tai naye anashuka ngazi mbio, bila shaka kunipongeza.

Ila yuko mkaidi mmoja. Jumba zima limezima isipokuwa yeye. Namsikia toka hapa nilipo: jenereta yake inanguruma, tena kubwa, tena karibu sana. Hadi moshi wake umenifikia, umenianzishia kikohozi. Watu wengine hata uwafundishe vipi hawafundishiki.

Nitalitangaza jina lake kwa kipaza sauti mara tu nikimjua. Na siondoki hapa, wala sizimi chombo hiki, mpaka nimpate.